Modemu Mezani kwa Mama

Bodi yenyewe haikuzidi kiganja changu. Ilikuwa ya kijani, na katikati yake palikuwa na kijumba cha bati chenye ukubwa wa stempu, ambamo imo chipu ya modemu, inayotuma na kupokea ujumbe kwa mtandao wa simu. Pembeni kulikuwa na mwanya wa kuingizia laini ya simu, tundu la antena, tundu la umeme, vitaa vitatu na kitufe kimoja. Mafundi hununua bodi ya namna hii kwa majaribio. Kabla hujatengeneza kifaa chako mwenyewe, unaiunganisha na kompyuta, unaongea na ile chipu, unajua inaweza nini na inakataa nini. Kazini kwetu, tunakofunga pampu za maji za sola upande wa Gongoni na Marafa, tuliagiza mbili ili pampu ziweze kutuarifu zenyewe zinapoharibika. Moja niliiomba, nikaipeleka Shella kwa mama.

Niliipeleka kwa sababu ya choo. Miezi michache kabla ya hapo mama aliteleza chooni asubuhi, akalala sakafuni mpaka jirani anayemuuzia mahamri alipoona mlango haujafunguliwa, akaingia kumtafuta. Simu yake ilikuwa chumbani kwenye chaja, mahali inapokaa siku zote. Hakuvunjika kitu, lakini kaka yangu mkubwa, anayeishi Mombasa, alikata shauri. Mama ahamie kwake, kwenye fleti ya ghorofa ya nne. Mama hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba hajawahi kulala juu ya vichwa vya watu na haoni sababu ya kuanza sasa.

Kaka alisema maneno si kitu, atakuja na gari Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikamwomba tuelewane. Akifika akikuta kitufe chooni, mama akakibonyeza na ujumbe ukaingia kwenye simu yake palepale, ataondoka peke yake. Asipokikuta, mama atafunga mzigo. Alikubali upesi mno, na nilijua kwa nini. Hakuamini kwamba nitaweza.

Kazini modemu ilishika mtandao bila taabu, lakini hilo halikunipa matumaini. Nyumba ya mama ni ya mawe ya matumbawe, kuta zake nene kiasi cha mtoto kukaa dirishani akakunja miguu. Ndani ya nyumba hiyo simu hulia sebuleni na kunyamaza chumbani. Kwa hiyo majaribio ilibidi yafanyike pale pale, kwenye meza ya kulia chakula, kati ya kikapu cha ndimu na chupa ya chai. Nilikuwa nikifika jioni kutoka kazini, vumbi la barabara likiwa bado masikioni, mgongo ukiniuma kwa kuinama visimani. Mama alinitazama nikivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniona mimi au kuliona hilo dude lako?"

Nilianza na laini. Sheria inataka laini iandikishwe kwa kitambulisho cha mtu, na nilitaka iwe kwa jina lake, basi tukaenda dukani pamoja. Msichana wa dukani akamuuliza, kwa adabu, laini hiyo ni ya simu gani.

"Ya choo," mama akamjibu.

Baada ya laini ukaja umeme. Nilikuwa nimeichomeka bodi kwenye kompyuta kwa waya mwembamba wa chaja ya simu. Vitaa viliwaka, niliiandikia herufi mbili za salamu ambazo modemu zote hujibu, nayo ikajibu kwamba ipo. Lakini kila nilipoiamuru itafute mtandao ilizimika, ikawaka, ikaanza upya kama mtu aliyeshtuka usingizini. Modemu inapopaza sauti kuutafuta mnara huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na ule waya haukuweza kuupitisha. Hilo liko kwenye maelekezo, ukurasa wa mbele kabisa, na nililisoma baada ya kuhangaika jioni nzima. Nikatoa kabatini chaja nene ya king'amuzi cha televisheni kilichokufa zamani, nikaongeza betri kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Haikuzimika tena.

Ikabaki antena. Nikiiweka mezani mtandao ulikuja na kuondoka. Nikiisogeza dirishani, nje kidogo ya nondo, ulitulia. Nilikuwa nikizunguka na antena mkononi, nikitazama namba kwenye kompyuta, na mama naye alikuwa akizunguka na chupa yake ya mafuta ya nazi. Ijumaa ndiyo siku yake ya mafuta. Bahari iko karibu, chumvi hula kila chuma, na tangu nilipopata akili namwona akichovya unyoya wa kuku kwenye chupa ile na kupaka bawaba za milango, komeo, kufuli, cherehani, hata vishikizo vya mwavuli. Nyumba yake haipigi kelele. Tulipishana ukumbini mara kadhaa, kila mmoja na chombo chake.

Ujumbe wa kwanza uliingia kwenye simu yangu jioni hiyo hiyo. Nilikuwa nimeiambia bodi iandike neno moja tu, MAMA, kitufe kikibonyezwa. Nilimwonyesha. Akausoma akiwa ameishika simu mbali na macho.

"Ndiyo hilo tu? Halina hata shikamoo?"

"Siku hiyo jina lako tu litatosha, mama."

Nilinunua kitufe cha kengele ya mlangoni, nikakivutia waya kutoka kwenye bodi mpaka chooni, nikakifunga ukutani shubiri moja kutoka sakafuni. Mama alisimama nyuma yangu akiangalia.

"Mbona umekiweka huko chini? Ni cha paka?"

Nikamwambia mtu akianguka mkono wake haufiki juu. Akaenda kutia chai.

Wiki iliyofuata, ya mwisho wa mwezi, pampu ya kijiji kimoja mbele ya Marafa iliungua na nikakaa huko mpaka kazi ilipokwisha. Nilirudi Jumamosi mchana, nikapita kwangu Muyeye kubadili nguo, nikaenda Shella kufanya jaribio la mwisho. Bodi ilikuwa mezani kama nilivyoiacha, vitaa vinawaka. Nikabonyeza kitufe. Simu yangu haikulia. Nikafungua kompyuta na kuiuliza modemu ina tatizo gani. Ikajibu kwamba haina laini.

Laini ilikuwemo. Niliitoa nikaitia kwenye simu ya mama, ikapiga. Niliirudisha, modemu ikasema haina laini. Nikazima, nikawasha. Nikapunguza urefu wa waya wa kitufe, ambao haukuhusika kabisa, kwa sababu mtu aliyechoka hugusa hata visivyohusika. Nikaiandikia upya programu yote. Jibu likawa lile lile. Mama aliketi kwenye kiti chake karibu na mlango akichambua mchele. Nilipoegemeza kichwa ukutani akaniuliza kwa upole kama limekataa. Nikasema limekataa. Akaendelea kuchambua, lakini niliona kwamba mchele aliokuwa akiusogeza haukuwa na mawe.

Nililala hapo. Asubuhi niliiinua bodi karibu na uso ili niitazame dhidi ya mwanga wa dirisha, na kabla sijaona kitu nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya nywele zangu nikiwa mtoto. Mwanya wa laini ulikuwa unang'aa kwa mafuta ya nazi. Mafuta yalikuwa yamenasa vumbi la chokaa linaloporomoka ukutani, na vimeno vya shaba vinavyotakiwa kuigusa laini vilikuwa vimevaa koti la uji mweupe. Alikuwa amepaka kila mahali palipong'aa, kwa uangalifu, na unyoya wake haukuacha pembe.

Nilimtazama. Alikuwa mlangoni, leso begani.

"Ijumaa niliona kimeanza kufifia hapo kwenye vyuma," akasema. "Nikasema kisije kikaoza kabla yangu."

Sikuwa na nguvu ya kukasirika. Nilikwenda duka la dawa nikanunua spiriti ya kusafishia vidonda, nikarudi, nikachukua mswaki wa zamani nikaanza kusugua. Nilikuwa nimefika katikati niliposikia gari likisimama mwanzo wa kichochoro. Kaka aliingia na begi tupu mkononi. Begi hilo lilinichosha kuliko kazi yote ya juma lile.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Alibusu mkono wa mama, akaja mezani. "Ndicho hiki? Mbona kina mafuta kama andazi?"

Niliendelea kusugua. Nilijua jibu lolote la kweli lingemsaidia yeye. Mtu asiyeweza kuacha kifaa kimoja bila kukigusa anaachwaje peke yake ndani ya nyumba? Ningeweza kusema ni unyevu, au ni bidhaa mbovu. Nilikuwa bado natafuta neno, mama akanitangulia.

"Nimekipaka mimi."

Kaka akageuka kwangu, mikono imefunguka. "Si unaona? Si ndiyo haya ninayosema?"

"Niambie mimi, usimwambie yeye," mama akasema. "Ile baiskeli uliyoiacha hapa ukaenda zako Mombasa, iko uani. Nenda kaitazame kama ina kutu."

Hakwenda. Aliketi, akanywa chai, akanitazama nikisugua. Niliisuuza bodi kwa spiriti, nikaianika dirishani juani, nikaipepea kwa upepeo wa jikoni. Nilipoiwasha na kuiuliza, ilikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida, kisha ikasema laini imeonekana. Nikaongeza namba ya kaka na ya jirani wa mahamri, ili ujumbe ufike kwetu sote watatu.

Kaka akasema atasubiri nje, kwenye kichochoro, maana hataki kuambiwa kwamba simu yake ililia kwa kuwa karibu na kile kidude. Alipitia uani. Nilimwona kwa mlango wa nyuma akisimama mbele ya baiskeli, akaisukuma pedeli kwa mguu. Gurudumu likazunguka bila sauti. Alilitazama mpaka likasimama lenyewe, ndipo akatoka.

Mama alikuwa amekwisha kwenda chooni. Nilimkuta amekunja leso akaitandika sakafuni, anajishusha taratibu, kiganja kikiteleza ukutani.

"Unafanya nini? Bonyeza tu."

"Tusidanganyane," akasema. "Siku ile nilikuwa hapa chini."

Alilala ubavu, akanyoosha mkono, akabonyeza. Mimi nilikimbilia mezani. Kitaa cha katikati kilipepesa. Nikapaza sauti kumuuliza kaka.

"Bado!" akajibu kutoka nje.

Nilisubiri. Kitaa kiliendelea kupepesa.

"Bado!"

Nikaanza kufikiria nitakavyomfungia mama mzigo, nguo zipi, na nani atapaka bawaba. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, na wakati huo huo nikasikia ya kaka ikilia nje ya ukuta. Aliingia kwa haraka, simu mkononi, akaelekea moja kwa moja chooni, na hapo akamkuta mama bado yuko sakafuni, amejilaza juu ya leso yake, anamtazama kutoka chini.

"Imefika?" mama akamuuliza.

Kaka akatia simu mfukoni. Alipiga magoti, akamshika chini ya makwapa akamwinua polepole, akamwondolea uzi uliokuwa umemganda kwenye nywele. Siku ile ya kuanguka hakuna kati yetu aliyekuwepo kuona. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mama chini.

Begi liliondoka na achari ya maembe na nazi. Kabla ya kupanda gari kaka alitoa sharti moja, kwamba chupa ya mafuta isikaribie bodi wala kitufe. Mama aliapa. Kitambaa kikavu tu, akasema.

Bodi sasa iko ndani ya mkebe wa plastiki wenye kifuniko, juu ya kabati. Kazini nilisema nyingine iagizwe, na hiyo ni habari ambayo bado inaniletea maneno. Kitufe kiko pale pale, shubiri moja kutoka sakafuni, na mama hukipangusa kila asubuhi kwa kitambaa kikavu kama alivyoapa. Akikipangusa hukibonyeza. Mara ya kwanza ujumbe ulinikuta Gongoni nikiwa na matope mpaka magotini. Niliacha vifaa, nikampigia jirani, naye akakimbia na mikono yake ya unga, akamkuta mama amesimama na kitambaa.

Ningeweza kukizuia. Kufunika kitufe kile ni kazi ya dakika chache, au ningeiambia bodi isitume mpaka kibonyezwe kwa muda. Niliipanga kazi hiyo kwa Jumapili moja, ikapita, na nyingine ikapita. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuzoea. Asubuhi, kabla ya kufungua boksi la kwanza la pampu, simu hutetemeka, MAMA, na ninajua ameamka, amesimama, ameinama na ameinuka tena. Kaka naye hupata. Hatujawahi kulizungumza.

Juzi ujumbe ulichelewa. Nilikuwa nimeshika nyaya mbili, sijaziunganisha, jua limekwisha panda. Simu ililia, nikadhani ndio ujumbe, kumbe ni kaka.

"Umepata?"

"Bado."

"Mimi pia bado."

Tulikaa hivyo, kila mmoja akisikia mwenzake anapumua. Nilikuwa nimeanza kumtafuta jirani kwa simu ya mwenzangu wa kazini ndipo ujumbe ukaingia. Kaka akasema anauona, akakata. Nikaunganisha nyaya.

Jioni nilipita Shella na nikamuuliza mama, kwa njia ya mbali, asubuhi yake ilikuwaje. Akasema njema, ila alikifua kile kitambaa na kikachelewa kukauka.

Jana nilimpelekea kitambaa kingine.