Bao Lililoingia Nikiwa Nahesabu Hadi Kumi

Jamani, leo nimemkosesha mtu bao la nchi yake.

Tupo chumbani hapa Najma, huku ughaibuni kwenye joto la jangwani, mchana, AC inaunguruma. Azamat, Mkirgizi tunayefanya naye kazi ya ulinzi, anaangalia timu yake ya taifa ikicheza mechi ya kufuzu, nyumbani kwao. Ana miaka minne hajarudi huko.

Natoka kuoga, nakuta kioo cha TV cheupe chote. Chenga tupu!

Sasa mimi mtoto wa Tanga. Nimekua nikizungusha antena juani huku watu wanapiga kelele ndani, "Rudisha kidogo!" Sikuuliza. Nikachomoa king'amuzi, nikahesabu hadi kumi, nikachomeka.

Picha ikarudi. Nyeupe vilevile.

Mpira wa rangi ya chungwa, wachezaji wamevaa glavu, na wanakumbatiana. Bao limeingia wakati nahesabu.

(Chekeni, ruhusa.)

"Kaka, nisamehe. Nilidhani imeharibika."

Azamat wala hakugeuka. "Bao watarudia," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Kaa. Mimi nilikuwa naangalia theluji."

Nikakaa.

Matokeo msiniulize.