Aproni Aliyoiona Kogo Monicah

Bethwel Rono wa Roret alikuwa mtu wa kucheka. Watu walipochoka kusubiri kwenye foleni ya kupima majani ya chai, yeye ndiye aliyewachangamsha. Polisi walipomkamata kwa mauaji ya jirani yake Kipkurui, wengi kijijini walidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Kipkurui alikutwa ameuawa katika shamba lake la chai, alasiri ya mvua ya mawe. Wiki moja kabla, yeye na Bethwel walikuwa wamegombania mpaka wa mashamba yao. Shahidi wa kumtaja Bethwel alikuwa mmoja tu: Kogo Monicah, yaani Nyanya Monicah, bibi wa miaka sabini na ushee, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Alisema kwamba akiwa amejikinga mvua kibarazani kwake, ng'ambo ya bonde, alimwona Bethwel akitoka mbio kwenye chai, amevaa aproni yake ya njano. Mahakama Kuu ilimwamini. Bethwel akapewa miaka thelathini.

Siku za kwanza gerezani alilia tu. Mfungwa mwenzake, Nyamwange, aliyekuwa mwalimu, akamletea kalamu.

"Una siku kumi na nne za kutoa notisi ya rufaa," alimwambia. "Lia, lakini uandike."

Aliandika. Nakala ya kesi ilipoletwa, Bethwel, aliyeishia darasa la saba, aliisoma akifuata mistari kwa kidole, na Kiingereza kilipomshinda, Nyamwange akamfafanulia. Walipofika ukurasa wa arobaini na saba, kidole kikasimama. Hapo askari mpelelezi alikuwa amekubali kwamba siku ya tukio Kogo alitaja "mtu mrefu mwenye aproni ya njano." Jina la Bethwel alilitaja siku nne baadaye, wakati baadhi ya wanakijiji walikuwa wananong'ona juu ya ule ugomvi wa mpaka.

"Mwalimu!" Bethwel akaruka. "Kogo hakuniona mimi. Aliona aproni!"

Rufaa ilisikizwa Nakuru baada ya miaka mitano. Wakili wake, Rachael, aliusoma ukurasa ule polepole, neno kwa neno. Jaji mmoja akamgeukia wakili wa serikali.

"Kule Roret, aproni kama hizo ziko ngapi?"

"Mheshimiwa, kila anayechuma chai anayo."

Mkewe Bethwel, Mama Winny, alicheka kwa sauti pale nyuma, akajiziba mdomo kwa leso.

Majaji waliamua kwamba macho ya shahidi mmoja, ng'ambo ya bonde, mvua ya mawe ikinyesha, hayatoshi kumfunga mtu, hata kama shahidi mwenyewe ni mkweli. Bethwel akaachiliwa.

Siku ya tatu nyumbani, alimwona Kogo Monicah amesimama langoni na kuku mkononi, anaogopa kuingia.

"Chamgei, Kogo," Bethwel akamsalimu.

"Nisamehe, mwanangu. Watu walisema ni wewe, wakasema, wakasema, hadi mimi nikauona uso wako."

"Ulisema ulichoamini. Ingia, chai iko tayari."

"Basi chukua huyu kuku."

"Kuku nachukua, Kogo! Miaka mitano nimekula maharagwe."

Kogo alicheka huku akijipangusa machozi, akaingia, akanywa vikombe vitatu.

Aliyemuua Kipkurui hajajulikana hadi leo, na hilo Bethwel halifanyii utani. Alikwenda kwa mjane wa marehemu, wakakubaliana kumwita mpimaji wa ardhi aje aweke mpaka mbele ya wote.

Jumatatu alirudi kuchuma chai. Kufikia saa nne kikapu cha Mama Winny kilikuwa kimejaa, chake hakijafika nusu, na vidole vilikuwa vinamwuma.

"Baba Winny, hiyo mikono ni ya karani," mkewe akasema.

"Nipe wiki mbili tu," alijibu, akicheka, akaingia mstari wa pili.