Bolijointi ya Kulia

Harufu ya grisi kwenye ukungu wa asubuhi hunirudisha kwenye neno moja, "zote", ambalo kaka yangu Edeni aliniomba nilitamke, nami nikakubali. Laiti ningekataa. Juzi jirani yangu hapa Njombe alipoinua gari lake kwa jeki uani, niliingia ndani nikafunga dirisha.

Nilikuwa darasa la tano. Baba alikuwa na pikapu ya kupeleka viazi Makambako, na magurudumu ya mbele yalikuwa yameanza kugonga. Alileta bolijointi mbili mpya, vile viungo vyenye kichwa cha mviringo vinavyoshikilia gurudumu la mbele lipate kukata kona, akamkabidhi Edeni, aliyekuwa anajifunza ufundi gereji mjini. Baba mwenyewe akaenda shambani kufungasha viazi.

Tulilipandisha gari juu ya magogo ya miwati. Bolijointi ya zamani ya kushoto ilitoka kwa nyundo chache. Edeni akafurahi, akanipaka grisi puani, akaniita fundi mkuu. Ya kulia ikagoma. Aliigonga, akaimwagia mafuta ya taa, akaigonga tena, mpaka mvua ikaanza na vidole vyake vikafa ganzi kwa baridi. Mwishowe akarudisha gurudumu, na ile bolijointi mpya akaiviringisha kwenye gunia, akaificha nyuma ya kiti.

"Bwana mdogo," alisema akifuta mikono, "hii tutaitolea Makambako, kule kuna vifaa. Mzee akiuliza, sema zote. Ukiharibu, gari halitoki, na treni yako utaisikia kwa wenzako."

Sijui aliujuaje udhaifu wangu. Shuleni wavulana waliokwisha kufika Makambako waliigiza honi ya treni wakati wa mapumziko, nasi wengine tulibaki kuwa abiria wao.

Nyumbani kwetu gari halikuondoka kabla baba hajamuuliza aliyekuwa mdogo kuliko wote kazini. Alisema mkubwa hujitetea kwanza. Asubuhi ile, sakitu ikiwa bado nyeupe juu ya majani, aliinama mpaka uso wake ukalingana na wangu, akanisalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene, fundi. Mmefunga zote?"

"Kamwene, baba. Zote."

"Simuulizi kaka yako. Nakuuliza wewe."

"Zote, baba."

"Mzee, huyo ndiye aliyenisimamia mimi!" Edeni akacheka, akarukia juu ya magunia nyuma. Mimi nikakaa mbele, karibu na baba, nikiwaza treni.

Kwenye mteremko, Makambako ikiwa imekaribia, nilisikia mlio mfupi, kama tawi kavu linalovunjika. Gurudumu la kulia likalala, gari likaingia mtaroni na kupinduka. Baba na mimi tulitoka na michubuko. Edeni tulimkuta chini ya magunia.

Watu wa barabarani walitusaidia kumfikisha hospitali ya Makambako. Nilikuwa kwenye benchi la nje nilipoisikia honi, ndefu na nzito kuliko wavulana walivyoiigiza. Ilikuwa karibu sana. Sikuinuka. Edeni alikata roho kabla jua halijazama.

Baada ya mazishi baba alinichukua tukalivute gari. Nilimwona akiokota kile kiungo kilichovunjika, akakisugua kwa kidole gumba, na kidole kikawa chekundu kwa kutu. Akakitia mfukoni. Akanitazama, kisha akasema, "Twende, kuna baridi."

Kwa miaka mingi niliamini hakutambua. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa: mtu aliyevileta viungo vipya kwa mikono yake hawezi kudanganywa na kiungo chenye kutu. Alijua palepale mtaroni. Hakunipiga, wala hakumwambia mama. Gari lilitengenezwa, safari za viazi zikaendelea, lakini kila asubuhi baba alilala chini mwenyewe kwenye umande, hata mgongo ulipomsumbua uzeeni, akatikisa magurudumu ya mbele kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Hakuniuliza.

Treni nimeipanda baadaye, mara nyingi. Neno lile lilimuua kaka yangu, na baba alikufa bila kuniuliza tena jambo lolote alilotaka kuwa na hakika nalo.