Mkaratusi Juu ya Chumba cha Mama

Mvua ya kwanza ya mwaka ule ilikuja na upepo mbaya, na asubuhi tulipotoka tukakuta mkaratusi wa lupango letu, yaani kiwanja chetu, umeinamia nyumba. Baba aliupanda alipopewa nyumba ya reli hapa Kamina, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Upande mmoja mizizi ilikuwa imeanza kunyanyua udongo. Na chini yake, hasa chini yake, kilikuwa chumba cha mama.

Ungekuwa mti tu, ningetafuta mkataji, kazi ikaisha. Lakini mama yangu, ambaye upande wa kushoto wa mwili umekufa ganzi tangu augue, aligoma kutolewa chumbani.

"Mwenye kubebwa kutoka mu hii nyumba ni maiti," aliniambia. "Baba yako njo balimubeba. Minyi ningali na roho."

"Basi tukubebe na kiti, mama."

"Na kiti? Minyi ni mulopwe, mufalme, munibebe na kipoyi ku mabega mu barabara, bantu bapige makofi?"

Nilikasirika, jamani! Nikapiga kelele, nikalia, nikamwita mchungaji wetu. Mama akamwambia mchungaji aketi anywe chai. Wanaume wenye mashoka walikuja kwa zamu. Kila mmoja alitazama mti, akauliza nani amelala mle ndani, akachukua shoka lake akaenda zake. Sikuwalaumu. Kila wingu jeusi lilipotokea upande wa Kaniama, nilitoka nje kuutazama mti.

Ndipo akaja mke wa askari kutoka kule Base, kambi ya jeshi, muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Malipo aliyotaka ni mti wote uwe wake, akauchome makala, basi. Mwanamke mnene, mwenye mdomo! Swahili yake imechanganyika na Lingala, na mgongoni kitoto kichanga kimefungwa na kitenge. Aliuzunguka mti, akaupiga kofi kama anampiga ng'ombe ubavuni.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni mutoto. Kwetu Equateur nilikata miti, huyu hafike hata ku tawi ya ile miti. Yaya, mukubwa yangu, mama akae tu mu kitanda yake."

"Na mti ukimwangukia?"

"Te! Hapana, hautaanguka kule. Minyi njo nasema."

Majivuno yale yalinichefua. Nikamwambia kusema ni rahisi, aliye chini ya mti si mtu wako. Alinitazama tu. Akafungua kitenge, akamshusha mtoto. Nikanyoosha mikono nimpokee. Akanipita. Akaingia hadi chumbani, akamlaza mtoto wake kando ya mama yangu, upande wa mkono ulio mzima.

"Mama, munilindie huyu," akasema, akatoka na shoka.

Nikashusha mikono yangu, nikamfuata nje. Majirani waliokuja kutazama wakasogea hadi ng'ambo ya barabara.

Yule mwanamke aliupanda mti miguu mitupu, akapunguza matawi ya upande wa nyumba, moja moja, mpaka uzito wa kule ukapungua. Akafunga kamba juu, kamba ndefu, akashuka akawapa majirani ncha yake ng'ambo ya barabara. Ni watu wa reli wale, kuvuta wanajua. Mzee mmoja akaita vile walivyokuwa wakiita kazini wakihamisha reli: yeye anatoa sauti, wote wanavuta kwa pumzi moja, kisha wanashikilia. Mwanamke akausikiliza mwito ule, akaanza kukata akiufuata. Wakivuta, anapiga, wakishikilia, anatazama juu. Na mti mzima, uliokuwa umetulalia siku zote zile, ukaanza kunyooka polepole. Ukasimama wima kabisa. Nikaona mbingu kati yake na bati letu. E Vidye, Mungu wangu! Nilipiga magoti pale pale kwenye vibanzi, na machozi yakanitoka.

Kisha ukalia kwa ndani, ukaenda. Barabarani, wote. Ardhi ilitikisika hadi sufuria zikaanguka jikoni, na harufu ya majani yale, harufu ya dawa ya kikohozi, ikajaa kila mahali.

Nilikimbia chumbani. Mama alikuwa ameweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha mtoto, vidole vimetanuka, kana kwamba mkono ule ungezuia mti.

"Musipige kelele," akaninong'oneza. "Iko analala."

Nikageuka nimwite yule mwanamke. Alikuwa kizingitini, ameketi chini, shoka bado mkononi. Nikamwambia mtoto ni mzima, aje amchukue. Alijaribu kuinuka, akarudi chini. Akajaribu tena.

"Yaya, uniletee ye," akasema, na sauti ya majivuno haikuwamo tena. "Minyi siwezi kusimama."