Ruhusa ya Jicho la Mama

Nafundisha Kiingereza Muyeye, na kuna somo ninalojivunia: let, allow na permit. Huwaambia wanafunzi kwamba la kwanza ni kutozuia tu, la pili ni kukubali, la tatu lina karatasi na muhuri. Naliita somo jepesi. Siku ya jicho la mama lilinitoa jasho.

Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho la kulia, na la kushoto lilikwisha zamani. Daktari wa macho huja Malindi kwa nadra. Ukikosa zamu yako, usubiri hadi arudi. Mama keshavaa gauni la hospitali, nami nimeshatia sahihi karatasi, akasema, "Mjomba wako hajasema kitu."

Nilitoka nje nikampigia mjomba, kwao Rabai. "Mjomba, mama anapasuliwa jicho sasa hivi. Unaruhusu?"

"Simzuii," akasema, akakata.

Nikarudi mbio na habari. Mama hakuinuka. "Kutonizuia si kunipa ruhusa. Ulimwamkia?"

Mtu mzima, mwalimu wa watu, nimempigia kaka mkubwa wa mama bila hata shikamoo! Niliona haya, na hasira pia, maana muuguzi alishaanza kuita jina la mgonjwa wa nyuma yetu.

Nikapiga tena. Shikamoo. Marahaba. Habari za mihogo, za mbuzi, za goti lake. Ndipo nikaomba. Akaagiza maji ya kunywa. "Mwekee simu jichoni," akasema. Nikasikia anapiga funda, kisha puu! Akayapuliza maji kwenye simu yake, kama anavyotupulizia sote vifuani tunapofunga safari.

"Nenda, mdogo wangu. Urudi unaona."

Mama akajipangusa uso uliokuwa mkavu kabisa, akasimama. "Haya, twendeni."

Nami nikakaa kwa furaha pale pale alipokuwa amekaa yeye.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, nilimpigia mjomba kumpa habari njema. Simu yake haikupatikana kwa siku mbili, maji yaliingia. Mama alikuwa ananitazama tu. Alinitazama muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akanishika nywele.

"Kumbe una mvi, mwanangu," akasema. "Nani kakupa ruhusa?"