Ukuta Uliolambwa na Punda

Nyumba ya jirani yetu wa Mkomani ilipoanguka, hakuna aliyeumia, kwa hiyo watu walimshukuru Mungu wakaendelea na shughuli zao. Kilichobaki ni kiwanja cha vifusi, na kando yake ukuta wa chumba cha bibi yangu, ukiwa uchi. Kwa vizazi vingi nyumba hizo mbili ziliegemeana, jua halikuugusa ukuta ule. Sasa zidaka za jirani, zile shubaka za chokaa zilizokuwa zikipangwa sahani, zilitazama mbingu. Kuanzia alasiri hadi baada ya isha chumba cha bibi kilifuka joto. Mvua iliponyesha, godoro lake lilinuka unyevu.

Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alikwisha kuupiga ukuta huo lipu ya saruji. Saruji ikapasuka, maji yakaingia nyufani yakakosa pa kutokea, hali ikazidi kuwa mbaya. Ndipo alipoamua kumhamishia mama yake Langoni, kwenye nyumba yake ya matofali yenye feni kila chumba. Bibi alikataa. Aliingizwa chumba kile akiwa bi arusi, akazalia humo, na alikuwa ametuambia sote kwamba humo ndimo atakamofia. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na stashahada ya ujenzi, pamoja na imani kubwa kwamba mji wetu unaweza kuokolewa kwa vitu vyake wenyewe. Mbele ya jamaa nzima niliilaumu saruji ya mjomba, kisha nikamwomba muda. Alinipa hadi Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Siku hiyo angekuja kuweka kiganja ukutani. Ukiwa mkavu na wa baridi, bibi abaki. La sivyo, ahame.

Nilikusudia kubandua saruji yote na kukandika lipu nene ya chokaa iliyochanganywa na usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi ambazo watu husokotea kamba. Nyuzi hushika hewa ndani ya lipu, na hewa hiyo huzuia joto lisipenye. Chokaa nayo huuacha ukuta upumue. Nilijaribu vipande kadhaa juu ya paa, nikapima joto lake asubuhi na alasiri, nikaandika yote daftarini. Mwashi niliyemwajiri, mzee aliyekandika misikiti mingi ya mtaani, alivigonga vipande vyangu kwa kucha, akasema vina sauti nzuri. Aliniita Bi Injinia, nami sikuwa na hakika kama ni heshima au mzaha.

Usumba niliununua kwa kinamama wa upande wa pili wa kisiwa. Magunia yalipofika, mwashi alichota konzi moja akainusa.

"Umeuosha, Bi Injinia?"

Nilimjibu kwamba umekauka kabisa, na kwamba kuuosha na kuuanika tena kungekula siku tusizokuwa nazo. Akanyamaza. Ana desturi ya kulisema neno mara moja tu, mwenye kusikia asikie. Nilikichukua kimya chake kuwa ni ridhaa, tukakandika.

Siku za mwanzo zilinilevya. Ilikuwa Ramadhani, na kwa mara ya kwanza tangu nyumba ya jirani ianguke, bibi aliweza kulala mchana katika chumba chake. Niliwatumia wenzangu wa chuo picha za ukuta, na maneno marefu juu ya wajibu wa kizazi chetu.

Idi ikapita, hewa ikawa nzito ya mvua. Jumatano niliteremka kiwanjani nikawakuta punda watatu wakiulamba ukuta wangu. Walilamba taratibu, kwa utulivu wa mtu anayekula kwao. Jirani mmoja alikuwa akianika nguo juu ya paa lake.

"Mwambie bibi yako amepata wageni wa Idi," akasema, "na wameshakula."

Niliwafukuza, nikatia ulimi mahali walipolamba. Ilikuwa chumvi. Ilikuwa imechipuka kwenye lipu nyeupe kama unga, na chini yake ukuta ulikuwa umelowa.

Mtoto yeyote wa kisiwa chetu cha Amu anajua kwamba makumbi hufukiwa miezi mingi katika tope la pwani, maji ya bahari yakipanda na kushuka juu yake, hadi yalainike yapate kupigwa. Nilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini daftari langu lilikuwa na safu ya uzito na safu ya joto. Mahali nyuzi zilipotoka sikupawekea safu. Chumvi ile ingeendelea kuvuta unyevu wa hewa na kuushikilia, na ukuta usingekauka kamwe.

Mwashi alikuja, akaonja, akatema.

"Nalikuuliza," akasema, "mara moya."

Alhamisi nilikoroga ndoo ya niru, ile chokaa nyepesi ya kupaka kuta. Mpako mmoja mwembamba ungeificha chumvi hadi kesho yake, na mjomba angegusa upande wa ndani tu, ambao bado ulikuwa mkavu. Nilipanda ngazi na kushuka sijui mara ngapi. Nilijiambia kwamba ni kwa huruma, kwamba bibi akishabaki nitapata njia nyingine. Nilipoingia chumbani mwake, alinitaka nimsaidie kukisogeza kitanda kiegemee tena ukuta ule, kama kilivyokuwa zamani. Alitaka kulaza kichwa hapo. Nilimwambia angoje kidogo. Nikashuka, nikaimwaga niru vifusini.

Ijumaa, baada ya sala, sikumpeleka mjomba chumbani, nilimpeleka kiwanjani. Aliupitishia ukuta kidole, akakitazama.

"Mimi na saruji yangu ulinisema mbele za watu."

"Nilikusema, mjomba. Na hii ni mbaya kama ile."

Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema mama yake atahama Jumapili.

Tulipanda kumweleza bibi. Nilimwambia mimi mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na swali la mwashi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mamangu alikuwa akipiga makumbi," akasema. "Mimi ndimi niliyekuwa nikimuoshea. Ungeniuliza, mwanangu. Niko papa hapa."

Jumapili alivaa buibui lake, akamkataza mjomba asiguse sahani zilizomo katika zidaka zake. Zikae, alisema, kwa sababu anarudi.

Lipu yote tumeibandua, na ukuta uko uchi tena. Usumba mpya unalowa katika mapipa ya maji ya mvua. Kila asubuhi nayamwaga maji na kutia mengine. Mwashi amenionya nisiuamini ulimi wangu, kwa kuwa unataka kumaliza upesi. Kwa hiyo kila alasiri naenda Langoni na chupa ndogo ya maji ya mwisho. Bibi huketi chini ya feni asiyoipenda, huchovya kidole, huonja, na husema bado, chumvi ipo.

Jana alionja mara moja. Akachovya kidole mara ya pili, akaonja tena, kisha, badala ya kusema bado, akaniambia kesho nilete mengine.