Maranda ya mataruma

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Naogopa radi, naogopa nyoka, naogopa mbwa wa jirani ambaye hana hata meno. Baba watoto hunitania kwamba siku nikifika mbinguni nitauliza kwanza kama ngazi imefungwa vizuri. Namwacha acheke. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na mimi tangu ujana wangu nilichagua kicheko.

Hata bustani yangu ilizaliwa na woga. Tunakaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Kamina, na ua wetu ukiuchimba hautoi udongo. Unatoa masizi ya makaa ya mawe ya zamani, misumari mikubwa, vipande vya chuma, na tope jeusi lenye harufu ya mafuta. Kuna jirani aliyepanda mihogo humo, akaila, na yuko hai mpaka leo, ananisalimia kila asubuhi kwa kejeli. Lakini mimi niliutazama ule weusi nikasema mboga yangu haitatia mizizi hapo. Nikaanza kupanda ndani ya vyombo: mabeseni yaliyopasuka, bidoni za maji zilizokatwa katikati, magunia, sufuria iliyotoboka. Lenga-lenga, yaani mchicha, matembele, nyanya, vitunguu vya majani, vyote vinaota juu ya matofali, mbali na ardhi.

Udongo wa vyombo siulimi. Niliulima mwanzoni, kama mama yangu alivyolima kule Kabondo-Dianda, na kila msimu ulizidi kuwa vumbi. Siku hizi jembe haligusi. Nakata mboga, mizizi naiacha iozee humo humo, halafu nalilisha beseni kutoka juu: mavi ya mbuzi yaliyokaa mpaka yakapoa, mabua yaliyooza, na mabonge ya udongo wa kichuguu ninayoyapanga juu ili maji yayayeyushe polepole. Juu kabisa naweka matandazo, yaani blanketi la vitu vikavu, kuzuia jua lisinywe maji yangu. Nyasi zinafaa, lakini nyasi nene karibu na mlango ni kitanda cha nyoka. Kwa hiyo natumia maganda ya karanga. Nyoka hapendi kulala juu ya kitu kinacholia.

Na chochote kigeni kinachotaka kuingia kwenye vyombo vyangu lazima kwanza kipite mtihani. Nachukua makopo mawili ya nyanya. Moja natia udongo wangu peke yake, lingine natia udongo pamoja na hicho kigeni, na kila moja napanda maharage. Halafu nasubiri maharage yaniambie.

Mwaka ninaousimulia, binti yetu alirudi nyumbani kutoka Luena, alikoolewa, akiwa na mimba. Kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa mzazi. Lakini huyu hakuwa wa kwanza kutungwa. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla, na ile ya pili nusura iondoke na yeye. Aliposhuka kwenye treni ameshika tumbo kwa mikono miwili, nilitaka kufurahi nikashindwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile nilikuwa nikimsikiliza anavyopumua, anavyotembea kwenda chooni, anavyonyamaza. Akinyamaza sana naita. Akiitika naona aibu, nakwenda kumwagilia mboga ambazo nimeshazimwagilia.

Mboga zilikuwa kazi yangu kwake. Muuguzi wa maternite, hospitali ya wazazi, alisema ale majani mabichi kila siku, damu yake ni chache, basi kila jani la ua wetu likawa lake. Ndipo mvua ikakatika katikati ya msimu. Jua likawaka, vyombo vikakauka kufikia saa sita, na maganda ya karanga hayakutosha. Msimu wa karanga ulikuwa bado.

Baba watoto akaja na gunia. Yeye ni mtu wa reli kuanzia utosi mpaka unyayo, baba yake pia alikuwa wa reli, na kitu chochote kilichotoka kwenye reli kwake ni baraka. Kazini walikuwa wanapasua mataruma ya zamani, zile mbao nzito zinazolala chini ya reli, na yeye akazoa maranda yake. Gunia zima, meusi kidogo, laini, mazuri kwa macho. Nilipolifungua, harufu ya lami ikanipanda puani nikarudi nyuma. Akasifia: haya hayaozi, mchwa hawayagusi, yatakaa juu ya mabeseni mpaka mjukuu aanze shule. Nilimwambia kwamba hapo hapo ndipo ninapoogopa. Katika nchi hii mchwa hula milango, hula viatu, hula misalaba ya makaburini. Kitu ambacho mchwa amekikataa, mboga yangu ikitakie nini?

Alivua kofia, akaipangusa. Hufanya hivyo akiumia.

“Reli njo inatulisha miaka yote,” alisema. “Leo njo itatuua?”

Tukapatana kama wazee wanavyopatana, kila mmoja akiamini ameshinda. Maharage yapandwe kwenye makopo mawili. Na wakati tunangoja, yeye atandaze maranda yake kwenye beseni moja tu, lile la buluu kando ya ukuta wa jikoni, ambalo nilikuwa nimelivuna na lilikuwa limepumzika. Nilikuwa nimeshapanga mabonge ya kichuguu juu yake. Akayafunika kwa maranda, akayasawazisha kwa viganja kama anayetandikia mtoto. Sikupanda kitu humo. Nikamwambia binti yetu asile jani lolote karibu na pale, akaitika.

Siku chache baadaye nilitaka kuona kama unyevu unakaa chini ya maranda. Nikaingiza kidole. Bonge moja halikuwepo. Nikatafuta pembeni, nikakuta mashimo matupu, yenye alama za vidole, na juu yake maranda yamerudishwa vizuri kabisa.

Panya hafuniki anapoiba. Mimi ni Mkristo, nasali, naimba sauti ya pili kanisani, lakini nimeishi Kamina vya kutosha kujua watu wanavyosema: anayetaka kuiba mimba huanza kwa kuchukua udongo mahali anapopita mwenye mimba. Beseni la buluu liko njiani kati ya mlango na choo. Binti yetu anapita hapo mara ngapi kwa siku? Nikamfikiria kila mtu aliyeingia uani juma lile: muuza mkaa, mama wa dagaa kutoka Mulongo, yule jirani wa mihogo na kejeli zake. Nikawachukia wote kwa zamu. Sikumwambia mtu. Nilihamisha kiti changu ndani, karibu na dirisha la jikoni, nikawa nachambua mboga huku nachungulia.

Kesho yake mchana, jua likiwa kali na baba watoto yuko kazini, nilimwona mwizi.

Alitoka chumbani taratibu, mkono mmoja ukutani, mwingine chini ya tumbo. Akachuchumaa kwa shida mbele ya beseni. Akasogeza maranda pembeni kwa upole, kama ninavyosogeza mimi, akatoa bonge, akalipuliza, akalitia mdomoni. Macho aliyafumba. Alipomaliza alichukua lingine, kisha akarudisha maranda na kuyasawazisha, kama alivyoona baba yake akifanya.

Najua mwenye mimba hula udongo. Nani hajui hapa kwetu? Nami niliula wakati nina mimba yake. Nilikuwa nimemnunulia sokoni pemba, ule udongo mweupe uliokaushwa vizuri, nikamwekea kwenye bakuli karibu na kitanda, na nikadhani nimeshafunga mlango huo. Nilitoka jikoni mbio. Alijaribu kusimama akashindwa, akabaki ameniangalia, midomo ina vumbi jekundu. Nikamuuliza kwa nini hapa, kwa nini asile ule wa sokoni.

“Ile ya soko haina harufu, mama,” alisema. “Hii njo iko na harufu muzuri.”

Nikageuka kutazama makopo yangu mawili nje kwenye kingo ya dirisha. Tangu jana sikuyaangalia, macho yangu yalikuwa kwa mwizi. Katika kopo la udongo mtupu, maharage yalikuwa yamesimama, yametoa majani. Katika kopo lenye maranda yalikuwa yamechomoza, yakajikunja, yakawa ya kahawia.

Woga nilioujua kabla ya siku ile ulikuwa mchezo tu. Sikumbuki nilivyofunga mlango. Nakumbuka tukienda maternite kwa miguu kwa sababu niliogopa pikipiki ingemtikisa, kisha njiani nikaogopa kwamba kutembea kungemchosha, kisha nikaogopa kusimama. Muuguzi alimpima, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga. Aliuliza amekula kiasi gani, na binti yangu alishusha macho. Muuguzi alisema wazi kwamba hana dawa ya hilo, na hakuna ajuaye kiasi gani ni kingi. Asile tena hata chembe. Mtoto akiacha kucheza, au damu ikionekana, turudi mbio. Binti yangu akaahidi.

Baba watoto aliporudi nilimwonyesha makopo. Aliketi kwenye kizingiti na kofia mkononi, kisha akalibeba lile gunia akalirudisha alikolitoa, peke yake, hataki kusaidiwa. Beseni la buluu tulikubaliana alizike asubuhi, mbali na kisima.

Lakini kabla halijazikwa, jioni ile, wakati baba watoto hajarudi kutoka kupeleka gunia na binti yetu yuko chumbani, nilikaa mbele ya beseni. Nilikuwa nikiwaza maneno ya muuguzi, kwamba hakuna ajuaye. Maharage yalikuwa yamesema, lakini maharage hayana tumbo, hayana damu, hayawezi kuniambia inauma wapi. Nilitaka mtu wa kuniambia. Nikasogeza maranda, nikachukua bonge, nikala. Nikachukua lingine, kama binti yangu. Mwanzoni ladha ilikuwa ya mvua ya kwanza, ile ile ninayoikumbuka kutoka ujana wangu. Halafu lami ikaja nyuma, ulimi ukawaka, koo likakaza.

Usiku tumbo lilinisokota. Nilijilaza bila kulia, nikihesabu maumivu na kumwekea binti yangu kila moja: hili analo, hili labda hana. Asubuhi nilikuwa hai, na mtu wa kwanza niliyemuuliza kama amelala vizuri alikuwa yeye. Aliniangalia sana. Alisema amelala. Sikumwambia mtu yeyote nilichofanya. Baba watoto angedhani nimepata wazimu, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika.

Wiki zilizofuata niliishi na mkono wangu juu ya tumbo la mwingine. Mtoto akicheza nilipumua. Akitulia kidogo nilikuwa nimeshavaa viatu. Mvua ilirudi, maganda ya karanga mapya yakapatikana, nikaviandaa upya vyombo vyote, udongo wa kichuguu nikiufuata mbali, ng'ambo ya mashamba, mahali ambapo filimbi ya treni haisikiki. Binti yangu alikaa mlangoni akinitazama napanga mabonge, na hakuwahi kuomba hata moja. Nilimshukuru Mungu kwa ahadi aliyoishika.

Akajifungua salama, msichana, mwenye sauti ya kugombeza. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipopewa nilimnusa utosini. Alinuka maziwa na damu, basi. Muuguzi alidhani nambusu.

Siku ya kurudi Luena, mizigo ikiwa imefungwa na mtoto amelala mgongoni kwa baba watoto, ambaye alikataa katakata kumwachia mtu mwingine, binti yangu alisimama mbele ya mabeseni. Akauliza kama ule udongo mpya ni mzuri, kwa sababu hamu ilikuwa bado haijamtoka. Nikachagua bonge safi kutoka beseni ambalo halijawahi kuona maranda, nikalivunja katikati. Nusu niliitia mdomoni kwanza mwenyewe, mkono ukienda wenyewe kabla sijafikiri.

Machozi yalimtoka.

“Mama, kisha kutoka ku maternite nilikuwa tayari kurudia kula,” alisema. “Nilikuya mpaka ku dirisha. Njo nikakuona weye unakula pale ku beseni. Nikaogopa utakufa. Njo maana niliacha.”

Treni ilikuwa imeshapiga filimbi mara moja. Baba watoto alituita kutoka barabarani. Nilimpa ile nusu iliyobaki, lakini hakuila. Aliishika mkononi, akanitazama mdomo mpaka nilipomaliza kumeza.